Mtungi wa Kwanza Chini ya Msitu wa Likwata

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Bibi Nambuta, miaka mingi baada ya ule ukame mkubwa, na aliisimulia hivi.

Hapo zamani, juu ya uwanda wa mawe ya mchanga, watu waliishi bila mto wala kisima. Mvua iliponyesha, mchanga uliinywa yote. Maji walishuka kuyateka bondeni, kwenye chemchemi iliyotoka chini ya jabali, na mwenye chemchemi ndiye aliyeteka mtungi wa kwanza alfajiri.

Watu walifyeka msitu, wakachoma, wakapanda mtama. Likwata peke yake hakufyeka. Msitu wake ulikuwa ukingoni mwa jabali, miti mikubwa mno hata mwenyewe alipoingia humo hakupaza sauti.

"Likwata, mwaka huu unavuna nini?" walimcheka. "Kivuli?"

"Na kimezaa kweli kweli," aliwajibu. Lakini ilipokuja njaa, mama yake alikufa, na ghala lao tupu.

Kisha ukaja ukame, chemchemi ikakauka. Nantende alikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha kila alipoonja maji ya tope. Akachukua mtungi, akapita chini ya jabali akiligusa kwa kiganja. Chini ya mashamba, jiwe la moto. Chini ya mashamba mengine, la moto. Chini ya msitu wa Likwata, jiwe la baridi.

Akainua macho. Miezi mingi mvua ilikuwa haijanyesha, lakini ukungu ulikuwa umelala juu ya ile miti, na majani yakidondosha maji, tone, tone, na mchanga ukiyapokea. Akaweka sikio. Ndani ya jiwe kitu kilikuwa kinatembea. Nantende akajikuta amepiga magoti.

Akamwita kaka yake. "Chipande! Njoo na mtaimbo!"

Chipande akagonga, akagonga, mpaka jiwe likapasuka, likaanguka, likamponda mguu. Maji yakatoka, ila machache: mtungi mmoja safi alfajiri, baada yake tope.

"Mtungi wa alfajiri ni wangu," alisema Nantende. "Mmepitisha mbuzi hapa miaka yote, nani alisikia?"

"Dada, ungeteka kwa sikio?" alisema Chipande. "Ni wangu. Mguu huu haukanyagi tena shamba."

Likwata akaja, akasimama kati yao. "Nantende amesikia nini? Chipande amechimba nini? Ni mvua niliyoitunza mimi, mama yangu akilala na njaa. Ni wangu."

Wazee wakashindwa kuamua. Mtoto akalia. Likwata akausogeza mtungi kwa Nantende. "Leo anywe huyu. Lakini haki yangu sijaiacha."

Nantende akapokea kwa mikono miwili. Na yeye hakusema ameiacha yake.

Nantende amefariki. Chipande amefariki. Mtoto yu hai, naye ana watoto. Likwata yu hai, mkongwe, na msitu wake umesimama. Kila alfajiri jiwe linajaza mtungi mmoja. Semeni basi, nyinyi mliosikia: mtungi huo, nani alistahili?