Kiti cha Mheshimiwa

Mheshimiwa Mwakazi alitunga mswada: kila shule ya umma ijengwe na wazazi wenyewe. Akauleta shuleni kutafuta sahihi za wazazi, huku mawingu yametanda.

Mghoi, mpishi wa shule, akamwekea kiti cha heshima darasani, mbele ya wazazi. "Tutasaini sote, baba. Ila utusomee mswada wote, na asiinuke mtu mpaka uishe."

"Mimi niinuke?" Mheshimiwa akacheka.

Ukurasa wa pili, mvua ikashuka. Darasa zima likakaa kavu, Mheshimiwa peke yake akalowa chapachapa.

"Endelea, baba!"

"Hapa... hapa pameandikwa mabati yatalipiwa na serikali!"

"Mbona sipaoni?" Mghoi akachungulia. "Hebu paandike."

Akaandika mbiombio, wakasaini wote. Ndipo Mghoi akapanda paani kurudisha kifuniko cha sufuria alichokiondoa asubuhi kwenye tundu lililo juu ya kile kiti.