Simu ya Makufuli Matatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, siku ya Alhamisi saa kumi na mbili kasoro robo jioni, mshale wa mafuta wa gari la Gwamaka ulilala kabisa. Ndipo mambo yalipoanza. Nasema jioni, sisemi usiku. Jua lilikuwa halijazama, na kila mtu nitakayemtaja alikuwa bado na nafasi ya kutenda vingine. Shikeni hilo, kwa maana mwisho nitawauliza.

Ilikuwa katika mji mdogo wa milima ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai. Wanawake wa kiwanda cha chai walitoka kazini jioni, na njia ya kurudi kwao ilipita katikati ya msitu wa mikaratusi. Wawili walikuwa wamevamiwa humo. Basi watu wanne wakaanzisha kikundi cha kujitolea, wakakiita Tufike. Kazi yake moja: kuwapakia wanawake getini na kuwashusha milangoni kwao, bure.

Gwamaka alitoa gari lake la viti saba. Petroli ilitoka kwa wasamaria. Namba ya simu ya kupokelea michango ilichorwa kwenye mlango wa gari, ikatangazwa kanisani na sokoni, na watu wakatuma: mwenye duka, kwaya, kijana aliyehamia mbali ambaye mama yake alichambua chai kiwandani.

Walituma kwa sababu waliamini, na waliamini kwa sababu ya makufuli. Mnalijua sanduku la vikundi vyetu vya kuweka akiba: makufuli matatu, funguo tatu, watu watatu. Simu ya Tufike ilifanywa vivyo hivyo. Subilaga, mshona nguo, alitunza simu yenyewe. Mwinjilisti Anyosisye alijua tarakimu mbili za kwanza za namba ya siri. Ikupa, muuza dawa, alijua mbili za mwisho. Pesa ilipotakiwa walikutana dukani kwa Subilaga, kila mmoja akabonyeza zake kwa kidole chake, na waliobaki wakageuza nyuso ukutani. Gwamaka, kwa kuwa ndiye dereva, hakupewa ufunguo wowote.

Wateja waliwacheka. "Jamani, mnalipia petroli au mnacheza kombolela?" Lakini hakuna senti iliyopotea.

Sasa, Alhamisi ile. Mvua ilikuwa inanyesha. Gwamaka aliliachia gari liteleze kwenye mteremko mpaka mbele ya duka la Subilaga.

"Dada Suba, mafuta yameisha."

"Yameisha sasa hivi au yalianza kuisha juzi?"

"Sasa hivi."

"Kaka, gari haliishiwi kama mtu anavyozimia. Lingekupungia mkono kwanza."

Walikung'uta mifuko yao, ikapatikana pesa ya chumvi na mkate. Kituo cha mafuta hakikukopesha tena, kwani mhudumu aliyekuwa akikopesha alifukuzwa kazi. Ikupa akaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, akaja mbio na koti lake jeupe. Kikabaki kidole cha Mwinjilisti. Naye alikuwa kijiji cha pili, mazikoni.

Na huko kiwandani wanawake wakasubiri.

Subilaga akampigia. "Shikamoo, Baba Mwinjilisti."

"Marahaba, mwanangu. Hapa tunashusha jeneza."

"Pole, Baba. Gari halina mafuta. Tutajie zile mbili zako, wanawake wako getini."

"Sizitaji."

"Baba!"

"Niliapa mbele yenu kwamba zitatoka kidoleni, si kinywani. Leo nitazitaja kwa shida, kesho nitazitaja kwa uvivu, keshokutwa nani atatuchangia? Nakuja." Akakata simu.

Kutoka kule kwa miguu, kwa mvua ile, giza lingefika kabla yake. Ikupa alifungua kinywa, kisha akakifunga.

Na huko kiwandani wanawake wakasubiri.

Subilaga hakuwa mtu wa kukaa na mikono mitupu. "Mzee huyu namjua," alisema. "Mwaka aliookoka anautaja kila Jumapili. Sabini na tisa." Akabonyeza saba na tisa, Ikupa akamalizia zake. Simu ikakataa.

"Basi ni mwaka wa ndoa." Akabonyeza, Ikupa akamalizia. Simu ikakataa.

"Dada, usijaribu tena," alisema Ikupa.

"Kwa nini? Kwani unazijua?"

"Mimi? Hapana."

"Basi nyamaza." Subilaga akabonyeza umri wa kifungua mimba wa Mwinjilisti. Ikupa akamalizia. Simu ikakataa mara ya tatu, na laini ikajifunga isitoe pesa mpaka watakapokwenda ofisini kwa wenye mtandao, ambako milango ilikuwa imekwisha kufungwa.

Ndipo simu ya Subilaga mwenyewe ikalia. Ni Mwinjilisti, akihema, mvua ikisikika kwenye mwavuli wake. "Mungu atanisamehe. Andikeni: nne, sita."

"Umechelewa, Baba," alisema Subilaga. "Tumeifunga wenyewe."

Na huko kiwandani wanawake wakasubiri, mpaka wakachoka kusubiri. Walikuwa sita. Mlinzi aliwaambia walale kwenye chumba cha chakula, na watano wakakubali. Wa sita aliitwa Atupele. Alikuwa ananyonyesha, na kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa maziwa kabla hajaingia mvuani.

"Utakwenda peke yako, mwenzetu?"

"Mtoto hajanyonya tangu mchana. Nitakimbia."

Walimpata asubuhi kwenye mikaratusi. Aliyemuua hajulikani mpaka leo. Simzungumzii yeye. Hukumu yake haina mtanziko.

Atupele alikuwa na dada mmoja tu, Tupokigwe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyekuwa akimlea yule mtoto wakati mama yake yuko kazini. Walizika. Siku ya kuanua matanga, wale wanne walikuja kwake wakakaa kwenye mkeka. Rambirambi zilikuwa zimejaa kwenye ile ile simu, lakini hakuna aliyethubutu kuzigusa. Kanuni ya Tufike ilitoka kwenye kanuni ya sanduku: kikundi kikimwangusha mtu, mmoja aondolewe; asipopatikana wa kuondolewa, kikundi kivunjwe. Na wa kuchagua ni yule aliyeumizwa, au akiwa amekufa, ndugu yake.

"Semeni," alisema Tupokigwe. Mtoto alikuwa mgongoni kwake.

Akasema Gwamaka: "Mshale ulikuwa chini tangu Jumanne. Sikusema. Kila nikiomba mafuta watu wananiuliza kama nakunywa petroli kwa mrija. Nilitaka wiki moja ipite bila kuomba. Lakini mimi sikuwa na ufunguo, dada. Ukiniondoa mimi, unaondoa na gari."

Akasema Mwinjilisti: "Nilishika kiapo, nikamwacha mtu. Kisha nikavunja kiapo, na mtu sikumpata. Nimekosa kote kuwili. Lakini watu wanachanga kwa sababu wanasema, yule mzee hata ukimchoma moto hasemi. Ukiniondoa mimi, unaondoa imani yao."

Akasema Subilaga: "Mimi nilifunga laini. Ningetulia kidogo tu, Baba angepiga, tungenunua mafuta, Atupele angekula nyumbani. Lakini nani mwingine alijaribu kitu? Mmoja aliona haya, mmoja aliapa, mmoja alisimama kama mlingoti. Mnataka kumwadhibu aliyenyoosha mkono?"

Wote wakamgeukia Ikupa.

"Nilizijua," alisema.

"Ulijua nini?" aliuliza Mwinjilisti.

"Nne na sita. Pale dukani tunageuka ukutani, na ukutani kuna kioo cha wateja. Mara ya kwanza kabisa niliona kidole chako, Baba. Sikukusudia. Sikuiba hata senti. Lakini ningesema nazijua zote nne, nani angeniamini tena? Nilikuwa namalizia namba ya uongo nikijua ni ya uongo. Mara tatu." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini nyinyi wote makosa yenu yameonekana. La kwangu nimelileta mwenyewe. Mkimwondoa anayesema kweli, mtabaki na akina nani?"

"Nyoka wewe!" alisema Subilaga.

"Dada Suba, tumo msibani," alisema Gwamaka.

Tupokigwe aliwatazama mmoja mmoja. Nje, wanawake wawili wa kiwandani walisimama na sare zao, hawakuingia. Walitaka kujua kama kesho jioni kutakuwa na gari au kutakuwa na mikaratusi.

"Nipeni mpaka asubuhi," alisema.

Kuna jambo moja ambalo hakuwaambia, nami sina budi kuwaambieni, kwa sababu bila hilo mtahukumu nusu. Jioni ile ya Alhamisi Tupokigwe alimpigia mdogo wake simu. Alimpigia tena, na tena. Mtoto alikuwa analia. "Unafanya nini huko?" alimwambia mara ya mwisho. "Mwenzio nimechoka. Njoo, hata kwa miguu." Angeweza kumwomba jirani uji au maziwa ya ng'ombe ya kumtuliza mtoto, lakini yeye alisema, njoo.

Asubuhi ile aliyoiomba, Tupokigwe alichukua simu na ufunguo wa duka kwa Subilaga, akafika dukani kabla ya wote. Alikifunika kile kioo kwa khanga ya Atupele. Simu, ambayo sasa ilikuwa imefunguliwa na kusubiri namba mpya ya siri, aliiweka juu ya meza ya kukatia nguo. Kisha akapanga viti. Watu walikuwa watano, wale wanne na yeye. Viti vinne aliviweka ndani kuizunguka meza. Cha tano alikitoa nje, akakiweka uani kwenye mvua.

Waliingia mmoja baada ya mwingine, wakaviona, wakasimama mlangoni bila kukaa.

Tupokigwe hakumtaja mtu. Aliweka mtoto vizuri mgongoni, akageuza uso ukutani, kama wafanyavyo wakati tarakimu zinabonyezwa, akangoja asikie kiti cha nje kikisogezwa.

Nanyi mliosikiliza, geukeni huku mnijibu: yule wa mshale, yule wa kiapo, yule wa haraka, yule wa kioo, au yule aliyesema njoo? Je, nani alistahili kiti cha mvuani?