Vidole Sita Juu ya Ubao

Palikuwa na mtu, jina lake Machano, mwenye mabwawa matatu ya chumvi kando ya mkondo wa bahari. Ukuta wa udongo uliyatenga mabwawa na bahari, na chini ya ukuta lilipita karavati la saruji, bomba la kupitishia maji. Kwenye mdomo wa karavati, upande wa ndani, aliweka ubao. Akiuinua, maji yalifungika. Akiushusha, yalimwagika juu yake na kutoka. Naye kina cha maji yapitayo juu ya ubao alikipima kwa vidole: kidole kimoja, maji kidogo, vidole sita, maji mengi mno.

Nje ya karavati, kwenye mkondo huohuo, mjane mmoja, Bi Mwanakheri, alikuwa na kamba zake za mwani. Hakuwa na shamba jingine. Machano alimwahidi mbele ya watu kwamba hatamfungulia maji ya mvua kupita vidole viwili, maana mwani ukikaa kwenye maji yasiyo na chumvi hupauka na kukatika.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Mabwawa yakajaa, ukuta ukaanza kulainika. Adhuhuri ya siku ya pili Machano akaona hana budi, akaushusha ubao. Ilikuwa bamvua, siku za maji makuu, na bahari inajaa, lakini yeye bahari hakuitazama. Macho yalikuwa kwenye ubao. Adhuhuri, vidole sita. Alasiri, vidole sita. Mvua ilipokatika, kabla ya magharibi, akauinua ubao akapiga hesabu: vidole sita, kwa muda wa saa tano. Akajiambia: Kwa maji hayo, mwani wa mjane umekwisha wote.

Jamani, mtu akishajihukumu mwenyewe hahitaji kadhi. Machano akawa anazunguka njia ya mbali ili asipite kwa Bi Mwanakheri. Msikitini akaingia wa mwisho, akatoka wa kwanza. Chakula kikamshinda, mkewe akadhani ni homa. Siku ya tatu ya kujificha akachoka, akaenda kwa mjane.

Alimkuta pwani, maji yamekupwa, amekaa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Machano akasimama mbele yake akasema yote bila kujitetea: ahadi aliyoivunja, ubao alioushusha, vidole na saa. Bi Mwanakheri alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha kufunga. Kisha akainua uso.

“Vidole sita adhuhuri, na alasiri bado ni sita? Maji yanayotoka hupungua, mwanangu. Yako yalisimama tu, bahari ilikuwa imeyazuia kwa nje.”

 Miaka yote Machano alipima upande wa ndani wa ukuta, wala siku moja hakupanda juu yake kuona bahari imefika wapi upande wa pili. Akageuka kuutazama mkondo. Mwani ulikuwepo, umelala kwenye kamba zake, mzima. Kamba mbili tu, zile zilizo karibu kabisa na karavati, ndizo zilizopauka.

Mtu mzima yule alilia, wala hakuona haya. Alipomaliza kulia akakunja suruali, akaketi kando ya mjane, akafunga mbegu za kamba zile mbili mpaka maji yakaanza kurudi. Akaenda kwake kwa njia ya karibu, akala akashiba, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mvua ile.

Sasa ninyi mnaokwepa mlango wa mtu kwa kosa mlilolipima peke yenu, nani kawaambia kipimo chenu ni sahihi?