Nguzo Iliyopakwa Chokaa

“Mchwa habishi hodi, bisha wewe.” Asubuhi mmemsikia fundi akimwambia mama yenu hivyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ameyatoa wapi maneno hayo. Ameyatoa kwetu, wajukuu zangu, katika nyumba niliyozaliwa, na mambo yalikuwa hivi.

Baba yangu, Mzee Sekiteke, aliijenga nyumba ile huko Muheza kwa mikono yake, mwaka aliomwoa mama. Kuta za udongo, paa la makuti, na katikati ya ukumbi nguzo moja iliyobeba paa lote. Mama alipofariki, baba hakutaka kitu chake chochote kihamishwe. Sanduku lake la kanga lilibaki pale pale chini ya nguzo, limefungwa, likimsubiri dada yangu Mwajabu siku atakayoolewa.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja na kumbikumbi wengi. Mimi na Mwajabu tuliwakusanya kwa beseni, tukawakaanga kwa chumvi, tukala na muhogo. Hadi leo nikisikia harufu ya ardhi iliyolowa, mate hunijaa. Kesho yake tulifagia mabawa yao ukumbini, mengi kuliko ya uani, wala hatukujiuliza kwa nini. Kwenye nguzo kulikuwa na njia nyembamba ya udongo iliyopanda juu. Baba aliikwangua kwa kisu, akapaka chokaa, maana harusi ya Mwajabu ilikuwa imebakiza wiki moja.

Jumatano akaja Mama Kihiyo, mfinyanzi, kuleta vyungu vya kupikia harusi. Mama yule hakuuza chungu bila kukigonga kwa kidole; kilichopasuka hujulikana kwa sauti. Akavigonga mbele ya baba, kimoja kimoja. Alipotaka kuinuka aliishika nguzo, na mkono wake, kwa mazoea, ukaigonga. Akatega sikio. Akaigonga tena, juu kidogo.

“Baba Mwajabu, humu ndani unakaa na nani?”

“Na wanangu hawa wawili.”

“Una wageni pia. Nguzo hii imeliwa na mchwa.”

Baba hakupendezwa. “Nyumba nimeijenga mwenyewe, Mama Kihiyo. Wangeingia ningewaona.”

“Mchwa habishi hodi,” alisema yule mama taratibu. “Bisha wewe.”

Baba akagonga. Nguzo ikalia kama debe tupu. Akachukua kisu, akakisukuma penye chokaa, kikazama mpaka kwenye mpini.

Hapo akalikumbuka sanduku. Alipolivuta, ubao wa chini ulibaki sakafuni. Kanga za mama zilikuwa zimegeuka udongo na vitambaa vilivyochanika. Ilisalimika moja tu, ya juu kabisa, nayo ilikuwa imetoboka pindoni. Baba aliketi chini, akaiweka mapajani. Siku ya mazishi sikumwona akilia. Siku hiyo nilimwona.

“Laiti ningegonga,” alisema. “Ningegonga siku ile ile niliyouona udongo.”

Majirani waliliegemeza paa kwa magogo, na harusi ikafanyika uani. Mwajabu alijifunga kanga ile ile, pindo lililotoboka akalikunjia ndani. Baadaye wanaume walizifuata njia za mchwa hadi kwenye kichuguu nyuma ya jiko, wakachimba kutwa nzima mpaka wakampata malkia wao, mnene kama kidole gumba. Nguzo mpya ilikuwa ya mvule, wakaisimamisha juu ya jiwe ili isiguse udongo. Tangu hapo, kila Ijumaa baba aliizunguka nyumba akigonga nguzo na miimo ya milango, sikio likiwa karibu.

Mwaka uliofuata alikwenda kumtembelea Mwajabu kwa mumewe. Dada alimpokea kwa uso mkunjufu, na kila alipoulizwa hali alijibu, “Hatujambo, baba.” Baba akanywa chai, akaaga, akafika njiani, akarudi. Akamkuta peke yake jikoni, akamwuliza tena, polepole. Ndipo Mwajabu alipomweleza juu ya mimba mbili zilizoharibika, ambazo hakuwa amemwambia ndugu hata mmoja. Baba alikaa naye siku nne.

Aliporudi, watu walimwuliza alijuaje kwamba Mwajabu ana jambo. Akawajibu kwa maneno ya mfinyanzi, na kuanzia siku hiyo, kwetu, maneno hayo hayakuwa tena ya nyumba peke yake: mchwa habishi hodi, bisha wewe.