Sindano Aliyochomwa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Alikuwepo mgonjwa?

Alikuwepo!

Alipewa dawa?

Alipewa!

Aliimaliza?

Mbona kimya? Nilijua tu. Basi kaeni vizuri, na wewe wa pale nyuma acha kumchokoza mwenzio.

Palikuwa na mto, juu ya mto palikuwa na majabali, na kwenye majabali aliishi Bi Pimbi na binti yake mmoja, Mashavu. Ndiye pimbi huyu huyu mnayemtumia kuwatukana watu wafupi. Mdogo, mkia hana, pembe hana, wala jino la kumtisha mtu hana. Alichokuwa nacho ni macho, na subira ya kukaa juu ya jiwe kutwa nzima akitazama ya wenzake.

Chini ukingoni uliota mti mmoja wa gome chungu, na gome lile ndilo lililokuwa dawa ya homa ya nchi nzima. Lilikuwa na mila yake. Kila mwaka kabla ya mvua, kila nyumba ilichuna ukanda mmoja tu, upande mmoja tu, ili mti nao upate kupona. Mwenye homa alitafuna gome asubuhi na jioni, siku saba kamili. Hata akipata nafuu siku ya tatu anaendelea, kwani wazee walisema homa ni mgeni mjanja, hujifanya ameaga kumbe kajificha nyuma ya mlango.

Mwaka huo Mzee Kiboko alifika kwenye mti kabla ya wenziwe. Akachuna upande huu, akachuna upande ule, chwa, chwa, chwa, mpaka mti ukabaki uchi. Alipoulizwa alisema mwili mkubwa huugua homa kubwa, kwa hiyo yeye anajikinga mapema. Nani ambishie? Kumbishia Kiboko ni mpaka uwe tayari kukanyagwa. Akayapeleka magome yote pangoni kwake, akayalundika, akayalalia.

Basi akaanza kujikinga. Homa hana, lakini anachemsha na kunywa. Asubuhi bakuli, gugu gugu gugu. Mchana bakuli, gugu gugu gugu. Jioni bakuli. Siku ya tano masikio yakaanza kuvuma, ngwiiii. Akasema ahaa, homa ndiyo hiyo imekuja, akaongeza bakuli. Masikio yakavuma ngwiiii, akaongeza. Akatapika, akaongeza. Kichwa kikamzunguka hata akauona mto unapanda mlima, akaongeza.

Bi Pimbi aliyaona hayo yote kutoka juu ya jiwe lake, wala hayakumhusu, mpaka asubuhi ile Mashavu alipoamka anatetemeka. Mwili moto, meno yanagongana ka-ka-ka, uji hataki. Siku ya pili hakuweza kusimama. Bi Pimbi alikwisha kuzika watoto wawili kwa homa hiyo hiyo, na aliijua siku ya nne inavyokuwa. Akashuka kwa Kiboko mbio.

Na alianza na ukweli, msije mkasema Pimbi kazaliwa mwongo. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akaomba gome la siku saba kwa ajili ya mtoto. Kiboko akasema lililopo halimtoshi hata yeye, hamwoni hali yake inavyozidi kuwa mbaya? Bi Pimbi akamweleza taratibu kwamba ile si homa, ni dawa yenyewe. Mwili usio na homa, ukiulisha gome mara tatu kwa siku, gome linaugeukia mwili. Aache tu, masikio yatatulia. Kiboko akacheka mpaka akatapika tena.

"Dawa ndiyo inidhuru?" alisema. "Dawa kazi yake ni kuponya. Ukiona haijaponya, ujue ni kidogo."

Bi Pimbi akarudi juu, akaketi kando ya Mashavu, akalia. Alilia hasa, kwa sababu gome lilikuwa pale chini, anaisikia harufu yake, na mtoto wake anakufa. Kisha akajifuta macho akaanza kuwaza. Kiboko hatafuti uzima, aliwaza, anatafuta kikubwa. Neno "punguza" halina pa kuingilia kwake. Lakini akisikia kuna kingine kikubwa zaidi, hiki atakiacha mwenyewe bila kusukumwa.

Akaenda bondeni kwa Babu Nungu, yule nungunungu mzee, akaokota mwiba mmoja mrefu uliomdondoka. Akauchemsha chunguni mpaka maji yakapungua nusu, maana mwiba mchafu huleta jipu, na hakutaka kumtia mtu jipu, hata Kiboko. Akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akashuka mtoni mara ya pili.

Safari hii hakupiga hodi. Alisimama nje ya pango, akanusa hewa, akatikisa kichwa kwa huzuni, akageuka kwenda zake. Kiboko akamwita. Bi Pimbi akasema asijisumbue, ugonjwa wenyewe ni wa wakubwa, hata kuutaja anaona haya. Kiboko akamng'ang'ania. Basi Bi Pimbi akamtazama ulimi, akampiga-piga tumbo, du, du, du, akasikiliza.

"Mzee wangu," alisema, "gome ni dawa ya watu duni, akina sisi. Mtu wa kimo chako huchomwa sindano."

Mate yakamtoka Kiboko. Akauliza atachomwa ngapi. Akajibiwa ni moja tu, ila ina mwiko. Sindano na gome ni wake wenza, hawakai nyumba moja. Gome likinusika karibu na mgonjwa ndani ya siku saba, sindano inageuka sumu. Kiboko akalitazama lundo lake kwa hofu, akauliza litupwe wapi. Bi Pimbi akakuna kidevu. Mtoni halifai, litarudi na maji. Porini halifai, litarudi na upepo. Labda kule juu majabalini, ambako hakuna mtu wa maana wa kudhurika.

"Libebe wewe," alisema Kiboko. "Upesi, harufu isije ikaniingia."

Akageuza tako. Chwi! Kiboko akapiga ukelele uliowarusha kunguru mitini, kisha akatabasamu, kwani maumivu yalikuwa makubwa kama alivyotarajia. Bi Pimbi akawaita pimbi wenzake, wakabeba magome, wakapanda na kushuka, wakapanda na kushuka, hadi pango likawa tupu.

Mashavu akatafuna asubuhi, akatafuna jioni. Siku ya tatu ya dawa akaomba uji. Siku ya nne alikuwa anaruka juu ya mawe, na gome hataki hata kuliona. Bi Pimbi alimkamata, akambana katikati ya magoti, akamtafunisha huku anapigwa mateke, mpaka siku ya saba ikaisha. Magome mengine aliyagawa, nyumba kwa nyumba, kwa kila mwenye homa. Na Kiboko je? Siku ya pili mvumo ukapungua. Siku ya tatu mto ukaacha kupanda mlima. Siku ya nne alikula majani ya ukingo mzima. Alipona kabisa, maana hakuwa anaumwa.

Naona mnataka kupiga makofi. Ngojeni kwanza.

Kiboko alipopona hakunyamaza. Alizunguka nchi nzima akiwaonyesha watu tako lake na kuwaeleza habari ya sindano. Watu wakaliona, wakaamini. Wakaenda kwa Babu Nungu, mwenye miiba mgongoni, na Babu Nungu hakuona sababu ya kukataa heshima uzeeni. Mwiba mmoja, foleni nzima. Kuchemsha hakuchemsha. Chwi, chwi, chwi. Watu wakarudi makwao wanachechemea, wana majipu kama mayai ya kanga, na wanasifu kwamba dawa ile ina nguvu kweli kweli.

Bi Pimbi akapita kwa kila mmoja akisema ukweli. Alisema Kiboko aliponywa na kuacha, hakuponywa na mwiba. Wakamcheka. Si alipona? Si wewe uliyemchoma? Au unataka dawa uwe nayo peke yako? Uongo ule ulikuwa wake, na ulikuwa mzuri.

Asubuhi moja akamwona mdogo wake, Sihaba, anapita njia ya bondeni na mtoto mgongoni. Mtoto meno yanagongana ka-ka-ka. Bi Pimbi akateremka na gome mkononi, akamsihi alichukue. Sihaba akalitazama gome, akamtazama dada yake, na macho yakamjaa machozi.

"Dada, si wewe uliyesema gome ni la watu duni?" alisema. "Mwanangu ni duni?"

Maneno yale yalimchoma Bi Pimbi kuliko mwiba wowote. Alitaka kumketisha chini amweleze tangu mwanzo. Lakini kueleza kunahitaji muda, na kuaminiwa kunahitaji muda zaidi, na mtoto alikuwa anaungua pale mgongoni. Akavuta pumzi.

"Hujakosea, mdogo wangu, sindano atachomwa," alisema. "Ila ya mtoto mdogo haishiki mpaka damu izoee uchungu kwanza. Siku saba za gome, asubuhi na jioni. Ukiruka hata jioni moja, unaanza upya."

Sihaba akamshukuru, akampigia magoti. Akarudi nyumbani akampa mtoto gome kwa uaminifu ambao hakuna mama pimbi aliyewahi kuwa nao. Siku ya tatu mtoto akanyonya, siku ya tano akacheka, na Sihaba hakuruka hata jioni moja kwa kuogopa kuikosa sindano. Habari zikaenea kwamba ndiyo kanuni mpya, na kila nyumba ikaifuata. Siku ya nane Sihaba alimpanga mwanawe kwenye foleni ya Babu Nungu, mzima, mnene, anatafuna vidole.

Bi Pimbi alikuwa keshafika pale na chungu na kuni. Alikaa miguuni pa Babu Nungu akichemsha miiba, na kila aliyefika alimwuliza kama amemaliza siku zake saba. Foleni ilikuwa ndefu, na hakukuwa na mgonjwa hata mmoja ndani yake. Zamu ya Sihaba ilipofika, Bi Pimbi akamshika mwenyewe yule mtoto mzima asiumie sana, akageuza uso pembeni. Chwi. Mtoto akalia, mama yake akashangilia, na Bi Pimbi akatia kuni nyingine.

Basi wajukuu zangu, funzo ni hili: sindano ndiyo dawa, vingine vyote ni kubahatisha. Na mkimwona mtu amepona, msimwulize aliacha nini, mwulizeni alichomwa wapi.

Hadithi ndiyo hiyo, nimeitua. Aliyeipenda ajitwike, asiyeipenda amwachie jirani.