Samaki wa Matopeni na Zimwi la Mto

Sogeeni, wasikilizaji, niwagawie ngano ingali moto.

Siwatu, mke mfinyanzi, alikuwa akichimba udongo mtoni akamfukua samaki mwembamba mwenye sharubu, aliyejizika topeni.

“Usinikaange, mama,” samaki akasema. “Mimi hulala chini kimya. Zimwi la mto likiamka, sitatulia.”

Siwatu akamtia chunguni pamoja na maji na matope, akaenda naye nyumbani.

Siku ya kwanza samaki akatulia. Ya pili akatulia. Ya tatu, jua likiwaka, alipanda juu akagugumia hewa, akashuka, akapanda, akashuka, akapanda tena.

“Mama, tukimbilie kilimani!” Siwatu akamwambia mkwewe, Bi Semeni.

“Nihame kwangu kwa ajili ya kitoweo?”

Siwatu akamsihi, bibi akacheka. Akamsihi tena, bibi akageukia ukutani. Mara ya tatu hakusihi. Alimbeba mgongoni, bibi akimpiga makonzi njia nzima. Chungu alikiacha; samaki hafi maji.

Walipofika juu, zimwi likaja na maji mekundu, likameza nyumba, mbuzi na tanuri.

Bi Semeni akatazama, makonzi yakakoma.

“Nishushe, mwanangu,” akasema. “Umechoka.”

Siwatu akalia, kwani tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo.

Nami ngano naiachia hapo hapo, kilimani.