Mize na Mtama Usioisha

Mpo? Basi acheni kutafuna, sikilizeni.

Zimwi aliikalia chemchemi ya kijiji, akawa anatwanga juu yake mtama usioisha. Visima vikakauka vyote.

Akaenda mwanamke wa kwanza. "Toka, wanangu wana kiu!" Zimwi akamgeuza jiwe. Akaenda wa pili. "Toka, ng'ombe wangu wana kiu!" Jiwe. Wa tatu akaenda Mize, mjane mwenye mtungi na mdomo. Akaona viganja vya zimwi vimejaa malengelenge. Kwao, ukimkuta mtu anatwanga unashika mchi kwanza, shida yako unaisema baadaye. Akaokota mchi wa pili uliolala kando ya kinu.

"Sogea, babu. Unatwanga kama unaua nyoka."

Wakatwanga kwa zamu, kinu kikaimba, mtama ukaisha. Zimwi akalia machozi.

"Miaka mia hakuna aliyenipokea mchi! Chukua chemchemi, iwe yako peke yako."

"Nina tumbo moja tu," Mize akajibu. "Wafungulie wote, na wale uliowageuza mawe uwarudishe."

Zimwi akainuka juu ya chemchemi, na mawe mawili yakawa wanawake tena. Mize akarudi kijijini kichwa juu, maji yakimfuata visigino kama mbwa wake. Hakumpigia mtu magoti. Hadithi imekomea hapo, mwenye kiu akanywe.